Shikamoo ya Maandishi

Mjukuu wangu alipojifungua huko Dar, alinitumia ujumbe kwenye simu: "Shikamoo bibi. Tunaendelea barabara." Sikujibu. Mimi marahaba siitoi kwa kidole.

Shule niliiacha darasa la pili, kusoma nimejisomea kwenye kitabu cha nyimbo cha kanisani. Barabara ya kupita magari naijua, na barabara ya mambo kuwa sawasawa naijua. Kwenye maandishi ni mapacha, mpaka mtu afungue mdomo. Kwa Kinyamwezi ndio usiseme: ukipandisha sauti kidogo tu, umeshasema jambo jingine. Sasa mtoto wa watu ndio kwanza amezaa, mama hana, ananiandikia. Nitajuaje anasema kwa sauti gani?

Kwetu ukienda kumwona mzazi, mtoto humshiki kwanza. Unakaa, anakusalimu, unaitikia. Katika salamu hiyo wanawake wazima wanasikia kama ana maumivu, kama amekula, kama mume anamtunza. Hakuna anayemhoji.

Nikamwambia mkwe wangu, mke wa mwanangu, ninayeishi naye hapa mtaa wa Ng'ambo, huku kwetu Unyamwezini, ampigie.

"Mama, si amesema hajambo?"

"Amesema wapi? Ameandika."

"Siku hizi ndio hivyo. Watu wana kazi."

"Mzazi wa juzi ana kazi gani? Piga!"

Akapiga, haikupokelewa. Ukaja ujumbe mwingine: "Niko poa bibi, usijali."

"Haya, sasa yuko poa," mkwe wangu akacheka. Mimi sikuona la kucheka.

"Mwandikie, bibi anataka sauti."

Kila ujumbe uliokuja, jibu likawa hilohilo. Mkwe wangu alinuna, akasema namsumbua mgonjwa. Nikamuuliza, kumbe ni mgonjwa?

Siku ya pili yake mchana, napepeta mchele, simu ikalia.

"Shikamoo, bibi."

Ilianza vizuri, ikafia mwishoni kama mtu anayetua mzigo. Nikaweka ungo chini.

"Bibi, mbona huitikii?"

"Marahaba. Unakula?"

Akaangua kilio. Chakula hakipiti, homa haishuki, na kumshika mtoto anaogopa. Mumewe anaondoka alfajiri, naye akirudi anaambiwa poa.

Nilimwambia aende hospitali leo hii, asisubiri jioni. Mimi nikaanza kufunga asali ya Sikonge na kanga zangu kwa safari ya treni.

Mkwe wangu akachukua simu. "Nimwandikie mumewe?"

"Mpigie," nikasema. "Na akipokea, nipe mimi."