Nilivyojifunza kuchapa picha kwa plaiwudi Singida baada ya kupunguzwa kazi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Miaka ya tisini, mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa, nilipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha uchapaji Dar. Nikarudi kwa mama, Ilongero. Hata kwenda gulioni nilikuwa naona aibu.

Dada yangu Mariamu akaniandikisha kwenye warsha ya wiki mbili Singida mjini, ya kuchapa picha kwa ubao. Nilienda ili aache kunisema tu.

Mwalimu Zubeda, mdogo kwangu kiumri, alimpa kila mtu vipande viwili vya plaiwudi. Basi.

Hakuna kuchonga. Unachora kwa kalamu ya mafuta, unapaka gundi ya mgunga, unaacha ikauke siku kadhaa. Halafu unalowesha ubao, unapitisha rola ya wino na kugandamiza karatasi juu yake. Penye mafuta wino unashika, penye maji unakataa.

Nilichora uso wa mama. Hakuwahi kupigwa picha maishani, na macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Nilitaka ajione kabla hayajazibika kabisa.

Sasa kile kiburi cha mtu wa mashine. Gundi nikaiosha siku hiyohiyo. Kupitisha rola, ubao wote mweusi tii. Mama hayumo.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu niondoke. Mwalimu akaja, akasema taratibu, "Kaka, kazi unaijua. Kwa kipande hiki kilichobaki, nisikilize mimi."

Nikakaa. Nikachora upya, nikasubiri siku nne, na hapo hata usingizi ulikuwa wa shida. Zikatoka nakala saba safi. Ya nane ikapauka, maana plaiwudi haivumilii sana.

Nyumbani dada akaona kosa: kovu la mama limehamia shavu la pili. Nilisahau kwamba picha ikichapwa inageuka. Nikanyong'onyea kabisa.

Mama akaipeleka karatasi mlangoni penye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Hivi ndivyo ninavyojiona kwenye kioo," akasema. "Mwanangu, umerudi kazini."

Kiwandani sikurudi tena, wakuu. Ila tangu siku ile niliacha kujificha ndani.

Nilichojifunza: kukaa kwenye benchi la mwanafunzi ukubwani siyo kushuka. Kilichoniharibia ubao wa kwanza ni kudhani nimeshamaliza kufundishwa.

Mliopunguzwa kazi miaka ile, ninyi mlianzia wapi? Nawasoma.