Kiti cha Mbele cha Mama Abigail

Gelasius alikwenda hija Roma mara moja tu, mwaka 2017, akarudi profesa. Tangu hapo jumuiya yetu ya Watanzania wa Cedar Hill, huku ughaibuni, haikupumua. Mkaribishe chai, Roma. Mwambie choo kimeziba, Roma. Mwenyekiti gani huyo, jamani!

Jumuiya yenyewe ilikuwa Mama Abigail, jina lake Apolonia. Anafundisha watoto katekisimu, anaongoza rozari, anafua vitambaa vya altare, halafu ana-drive kwenda kulea wazee wa watu. Ila meza ya kamati hakuwahi kuikalia. Kamati ni ya wanaume, na wanaume wetu wana kazi ngumu: kula na kuamua.

Mumewe Sospeter alipofariki mwaka uliofuata, kamati ilikaa sebuleni kwake mwenyewe ikaamua mwili upelekwe Bukoba. Yeye hawakumuuliza. Walimweka kiti cha mbele, kajitanda kanga, kama pambo. Nami nilijua kinachomchoma: Sospeter alimwambia hospitalini, azikwe hapa hapa, watoto wapate pa kumtembelea.

Apolonia akanyoosha mkono aseme. Gelasius akampoza kwa Roma, unaamini?

"Mama Abigail, heshima unayo. Roma ya kale kulikuwa na mabikira waliotunza moto wa mungu wao, Vesta. Walitengeneza unga wa sadaka, kama nyinyi mnavyotupikia. Kwenye michezo walikaa viti vya mbele. Wakubwa waliwapisha njiani. Hata wosia wa wakubwa hao waliutunza wao, na nani angethubutu kuugusa?"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, wamevimba. Nilisonya. Bikira akivunja nadhiri walimzika hai, hilo mbona hakulisema? Halikumfaa.

Apolonia akainuka, akaburuta kile kiti cha heshima juu ya zulia mpaka mezani kwao, akaketi kati ya Gelasius na mweka hazina.

"Shemeji, wosia walitunza akina nani?"

"Si nimesema? Wale mabikira."

"Na nani aliugusa?"

Gelasius akamtazama mweka hazina.

"Basi wa Sospeter ninao mimi, alinipa kwa mdomo wake. Anazikwa hapa. Andikeni."

Wakaandika. Loo, nilifurahi mpaka nikaona haya, msiba ule!

Jumamosi tulimzika Cedar Hill. Gelasius akasogea kaburini, kakohoa, tayari kuhutubia. Apolonia akamshika mkono taratibu, akamwonyesha kiti cha mbele.