Damu Iliyotoa Maziwa

Mimi na dada yangu tulikula sahani moja kwetu Muheto. Yeye akanenepa, mimi nikabaki na mikono mikavu, mishipa imetokeza kama ya mwanamume. Uso wangu tu ndio uliojaa. Mama aliniongezea mafuta ya mawese, akiogopa watu watasema ananinyima chakula.

Nilipokuwa nimeshachumbiwa, nilienda kumsalimia shangazi yangu, aliyeolewa Kirolirwe kwa wafugaji wa ng'ombe. Jirani yake mmoja, mama mjane, alinikaribisha kwa viazi na siagi nyingi. Jioni tumbo likanikamata, maumivu yakapenya hadi mgongoni. Wanaume wakanibeba kwa kipoyi, machela ya miti, kwenda hospitali. Nilisikia wakisema njiani, "Ni ule mama njo alimutilia sumu." Shangazi alitembea kando yangu.

Daktari, Mzungu mwenye sauti ya taratibu, alinitoa damu, akaiacha itulie katika chupa. Asubuhi akatuonyesha. Juu ya damu palikuwa na utando mweupe, mzito, kama maziwa yaliyolala.

"Hii haiko sumu," akasema. "Ni mafuta. Mwili yako haijue kuyaweka fasi yake, njo yanabaki mu damu. Mu jamaa yenu, nani mwingine iko na mikono kama hii?"

Shangazi akapandisha mkono wa gauni lake hadi begani. Sikuwahi kuuona mkono ule wazi. Ulikuwa kama wangu kabisa.

"Tangu niko musichana," akasema polepole. "Nilikuwa naona haya."

Damu yake nayo ikatoa maziwa. Ya dada yangu, aliyekuja kuniuguza, ikabaki safi.

"Munazaliwa nayo," daktari akasema. "Mumoja anaipata, mwingine hapana. Dawa sina. Lakini uache siagi na mawese, ukule kidogo kidogo. Utaishi vizuri."

Tuliporudi Kirolirwe, shangazi hakuingia kwake kwanza. Aliwachukua wale wanaume, wakaenda moja kwa moja kwa yule mjane. "Mama, tulikusema bure," akamwambia. "Ni damu yetu njo iko vile. Utusamehe." Mjane akalia, kisha akanikumbatia.

Mchumba wangu, mkulima wa Bihambwe, nilimweleza yote nikijua anaweza kuniacha. Akacheka. "Mikono yako niliiona siku ya kwanza, ulikuwa unalima. Sikuiogopa."

Tukaoana. Sombe, majani ya muhogo, nilipika katika vyungu viwili: yake kwa mawese, yangu kwa kitunguu na maji. Maumivu yalirudi mara moja tu, nilipojisahau kwenye karamu ya Noeli.

Mtoto wetu wa kwanza alinenepa kama dada yangu. Wa pili, msichana, alipoanza kubalehe, mikono yake ikaanza kukauka. Nikamwita shangazi, mzee sasa, tukaketi jikoni watatu kumfundisha kupika bila mafuta. Binti akasema chakula hakina ladha, akatia pilipili nyingi mpaka sote tukakohoa, shangazi akicheka na kuomba aongezewe.