Fundi Ndege wa Kibiti

Nichekeni tu, nimestahili. Tangu nijue kutengeneza ndege za kuchezea za rimoti, kibanda changu cha simu hapa Kibiti nimekiandika FUNDI NDEGE. Juzi akaingia mama mmoja kutoka Salale, kakumbatia kikapu kilichofunikwa kanga.

“Fundi, ndege wangu kavunjika bawa. Ukimtengeneza, atadumu akiruka kila siku?”

Nikawageukia wateja, nikacheka.

“Mama, Kiswahili gani hicho? Sema ndege yangu imevunjika! Ukiirusha kila siku kwa uangalifu, inadumu miaka miwili. Ukiibamiza chini, haimalizi mwezi. Betri ndiyo hufa kwanza.”

Nikapasha gundi moto. “Haya, itoe.”

Akafunua kanga. Njiwa akanitumbulia macho.

“Haya, fundi,” akasema mama, “nionyeshe betri yake.”