Paka wa Pasi

Kiwalani tulikuwa na neno letu, "paka wa pasi". Lilitoka kwenye kibanda umiza cha mtaani, kile cha kulipia kuangalia video na mpira. Jumamosi mchana, kabla ya mpira kuanza, mwenye kibanda alikuwa akituwekea watoto katuni ileile ya zamani: paka anadondokewa na pasi, anakuwa bapa kama chapati, kisha anajikung'uta na kwenda zake. Jina la yule paka hatukulishika. Tulichokishika ni kule kuinuka.

Neno likakua nasi. Aliyefeli akarudia mtihani na kufaulu, paka wa pasi. Dereva wa bodaboda aliyetumbukia mtaroni, akaibuka na tope lake akiuliza abiria yuko wapi, paka wa pasi. Mama lishe aliyebomolewa banda Jumatatu, na Jumanne anapika maharage palepale, huyo ndiye hasa. Ila neno lilikuwa na mwiko ambao hakuna aliyetufundisha: mtu haitwi hivyo akiwa bado chini. Mpaka asimame.

Mama yangu alilichukia. Alikuja mjini kutoka Njombe, mwalimu na mwanakwaya, na kwao kumwita mtu mzima mnyama ni tusi. Nami nilimwona mshamba, Mungu anisamehe.

Masika ya mwaka juzi aliteleza uani akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, na daktari akasema akifanya mazoezi atatembea. Mama hakumsikiliza daktari. Alimkumbuka mama yake mzazi, aliyevunjika nyonga vilevile na hakutoka tena kitandani mpaka anazikwa. Tulipomrudisha nyumbani akageukia ukuta, uji akaukataa. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa mdomo hunitangulia. Nikamwambia huku nikijichekesha, "Mama, si wewe paka wa pasi?"

Jirani yetu muuza mkaa, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, alinivuta mpaka nje.

"Mtu yuko chini, unamwita hivyo?" aliniambia. "Unataka abakie hukohuko?"

Kumbe mwiko niliokua nao nilikuwa nimeuvunja kwa mama yangu mwenyewe.

Kuanzia kesho yake jirani alikuja kila asubuhi na mikono yake myeusi ya mkaa. Yeye alimshika mama upande mmoja, mimi mwingine. Hatua mbili, kitandani. Siku ya pili mbili tena. Mama alilia, akatusema kwa kikwao, na jirani, ambaye hakuelewa hata neno moja, alimwitikia "ndiyo, mwalimu" na kumwinua upya.

Mwezi wa nne tangu aanguke, asubuhi, wanawake wakiwa kwenye foleni ya maji, bombani mbele ya nyumba yetu, mama alitoka mlangoni na fimbo yake, peke yake. Akashuka kizingiti. Ndoo ikajaa, ikamwagika, na hakuna aliyefunga koki. Kwa kuwa walijua halipendi lile neno, walimwamkia tu shikamoo. Akaitikia marahaba, akasimama katikati ya uwanja akihema, akiwatazama mmoja mmoja kama darasa lililosahau jibu.

"Mbona hamsemi?" aliwauliza. "Au bado mnaniona niko chini?"

Jirani ndiye aliyeanza, "Paka wa pasi!" na wengine wakafuata. Mimi nilikwenda kufunga koki.