Kamba ya Kengele ya Tano

Houston ilianza bila kutuarifu. Kwa saa nne tangu Arlington tulikuwa na malisho makavu kushoto na kulia, kisha barabara zikaanza kupandana juu kwa juu, yakaja maghala, yakaja mabango ya mawakili wa ajali, na nyuma ya kituo cha mafuta likatokea kanisa la matofali lenye mnara mnene. Sikuwahi kufika hapo. Kanana aliegesha gari, akazima injini, akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Usiniongeleshe mpaka nimalize," alisema. "Na ukisikia nimekosea, usikohoe."

Mimi nilikuwa nimeomba lifti tu. Huko Arlington waliniambia yupo nesi mmoja Mmeru ambaye kila Jumamosi ya pili huendesha gari mpaka Houston kwenda kupiga kengele, na kila aliyeniambia alicheka. Njiani Kanana alinieleza mwenyewe, na hakucheka.

Kabla ya Texas alifanya kazi miaka saba katika nyumba ya wazee huko Marlwick, kijiji cha Uingereza chenye watu wasiofika mia nne. Alinitajia kila kitu cha hapo kama mtu anayehesabu vyombo vilivyobaki kwa mume wa zamani: kidimbwi cha mabata, kibanda chekundu cha simu kilichogeuzwa maktaba, msalaba wa mawe wenye majina ya waliokufa vitani, mti wa kale uitwao myuu makaburini, mkubwa kiasi kwamba watu wanne hawaukumbatii. Kila mwezi wa tano wanakijiji huzunguka mipaka yao kwa miguu, wakiyachapa mawe ya mpaka kwa fimbo, na mgeni aliyekaa mwaka mzima hubebwa juu juu akagongeshwa makalio kwenye jiwe la mwisho.

"Nami walinigongesha," alisema. "Nilikaa upande upande wiki nzima. Lakini kuanzia siku ile hakuna aliyeniuliza tena narudi kwetu lini."

Hapo nilimwonea wivu. Nimelala katika miji mingi, na hakuna jiwe lolote linalonidai.

Jioni moja ya baridi alipanda mnara wa kanisa la pale kuomba joto, akakuta watu sita wamesimama duara, kila mmoja na kamba yake. Kule kengele hazipigwi wimbo. Kila moja imefungwa kwenye gurudumu, huzunguka mzunguko mzima na kulia mara moja, na kila raundi mpangilio hubadilika: wa pili anakuwa wa tatu, wa tatu anakuwa wa kwanza. Kila mpigaji ana njia yake ya kupita katikati ya wenzake, na lazima aijue kwa kichwa, maana karatasi hairuhusiwi. Mwaka wa tatu kapteni wa mnara, mzee aliyekuwa fundi wa paa, alimkabidhi kamba ya tano.

Kisha mumewe, Kiprop, akapata kazi ofisini Plano, huku Texas, nao wakahama. Nafasi ya kazi Kanana akamwachia Jackie, mtoto wa mama yake mdogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua ya sifa. Jackie akachukua kazi. Akachukua chumba kilicho juu ya posta ya zamani. Akachukua paka. Akachukua na kamba ya tano mnarani. Mwezi wa nane uliopita akatuma picha ya boga lake lililopata zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya kijiji.

"Mimi kwa miaka saba nilipata ya tatu," Kanana alisema. "Mara moja! Na ilikuwa kitunguu."

Wiki ijayo kengele za Marlwick zinatimiza miaka mia tatu. Watapiga saa tatu bila kupumzika, na majina ya wapigaji sita yataandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa mnara, yakae hapo daima. Kapteni aliamua hivi: kamba ya tano ni ya Kanana endapo atapiga jaribio la dakika arobaini na tano bila kosa huko huko Marekani. Asipoweza, ni ya Jackie. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Sanduku lake lilikuwa nyuma ya gari, na ndege ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Kanisa lile la Houston lina kengele za namna hiyo hiyo, nami nilikaa kwenye benchi la chumba cha kamba. Walikuwa sita, wastaafu watatu, mwanafunzi, mhandisi, na Kanana aliyevua viatu. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyewaongoza. Kwangu zilikuwa kelele nzuri na zisizo na mwisho. Karibu nusu ya jaribio nilimwona Kanana anakunja uso, anamtazama mhandisi aliyeshika kamba ya nne, kisha uso unafunguka. Mwishoni kengele zikarudi kwenye mpangilio wa mwanzo, namba moja hadi sita. Wakapiga makofi. Mwalimu akamkumbatia.

Kanana akavaa viatu, akaendesha mpaka Gulfton, mtaa mwingine wa Houston.

Huko ndiko nilikokuwa nifikie, kwa Marie-Goretti, Mrundi anayefanya kazi hotelini, ambaye alipokuwa bado Arlington aliwahi kulala wodini kwa Kanana na tangu hapo hawakuachana. Alitupakulia maharage na ndizi kabla hatujakaa vizuri.

"Mbona uso kama wa mtu amefiwa?" alimuuliza Kanana. "Si umepiga? Si wameshangilia?"

Kabla hajajibu, simu ikalia. Ilikuwa video ya Jackie, na nyuma yake baa yenye dari fupi.

"Sis! Niambie! Mzee ako hapa, amekataa hata kunywa mpaka ajue."

"Hiyo sweta ni yangu," alisema Kanana.

"Si uliiacha?"

"Niliiweka."

"Aki wewe! Umepita ama hukupita?"

Kanana alisukuma sahani kando. Marie-Goretti alimpa ishara kwa mwiko: sema ndiyo.

"Nipe mzee."

Uso wa mzee, yule kapteni wa mnara, ulijaa kwenye simu, pua mbele. Kanana alimweleza kwa Kiingereza, polepole. Katikati ya jaribio aliwaza boga. Alipozinduka alikuwa amepishana na kengele ya nne: yeye amefuata njia ya mhandisi, na mhandisi, aliyekuwa bado mgeni wa kazi hii, amefuata ya kwake. Walikwenda hivyo kama dakika mbili. Walipokutana tena yeye akarudi kwenye njia yake, na mhandisi akasukumwa kwenye ya kwake bila kujua. Kwa hiyo mwisho ulitoka sawa, na hakuna aliyegundua.

"Haihesabiki basi," alisema mzee. Hakuwa na hasira. Alivua kofia, akaivaa tena.

Nyuma yake tulimsikia Jackie akisema, "Pole sana, sis," kwa sauti ya mtu anayebana furaha kwa meno.

Simu ilipokatika, Marie-Goretti aliweka mwiko chini. "Weye! Nani angejua? Ungenyamaza tu!"

"Nikidanganya, siku Jackie akikosea nitamsema kwa mdomo gani?"

"Ndiyo sababu hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Unataka nyingine?"

Marie-Goretti alicheka mpaka akakaa. Kanana hakucheka, ila alivuta sahani na kula yote, akaongeza.

Nilimuuliza kama sasa ataahirisha safari. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Likizo nimeshaomba. Nitasimama makaburini saa tatu zote, chini ya mti. Kutoka pale unasikia mkono wa kila mpigaji. Namba tano ikichelewa hata kidogo, nitajua ni yeye."

"Na asipokosea?"

"Atakosea. Mkono wake wa kushoto ni mvivu."

Saa nane teksi ikaingia kwenye uwanja wa magari, watoto wakaipisha na baiskeli zao. Marie-Goretti alimshindilia chapati mkobani. Gari lake Kanana aliliacha hapo, funguo akampa mwenyeji wetu, sanduku akalipakia mwenyewe. Teksi ilipogeuka alishusha kioo.

"Kiprop akipiga simu, mwambieni nimeshapanda ndege. Anasema kile kijiji ni mume wangu wa kwanza." Akafunga mkanda. "Na leo sina cha kumjibu."

Kioo kikapanda. Teksi ikasubiri basi lipite, ikaingia barabarani. Marie-Goretti alikuwa ameshaanza kupanda ngazi, akiniita nikamalize ndizi kabla hazijapoa.