Kitambaa Alichoniachia Koplo Habibu

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu Rukia, nikiwa na miaka ishirini na moja, nimevaa gauni jipya la bluu na kujiona mtu kati ya watu. Nakusimulia leo kwa sababu Jumatatu unaanza kazi kwenye ofisi ya mafao, na umeniambia utawekwa dirisha la wanajeshi waliorudi na ulemavu. Wenzako wamekupongeza, na mimi nimekupongeza. Ila moyo wangu haujatulia tangu uniambie, maana dirisha kama hilo nimewahi kulikalia, na mtu aliumia kwa sababu yangu.

Babu yako alikuwa na duka la vitambaa Kariakoo, na kama maduka mengine ya mtaa ule, barazani palikuwa na mafundi cherehani. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho nje, anapimwa papo hapo. Fundi wa kwanza mlangoni alikuwa Koplo Habibu. Alikwenda vita ya Kagera na miguu miwili akarudi na mmoja, wa pili ulichukuliwa na bomu la kutegwa ardhini. Jeshini walimpa mguu wa bandia, na juu ya pensheni yake wakamwekea posho ya ulemavu. Cherehani yake aliikanyaga kwa mguu mmoja, na bado kazi yake ilitoka mapema kuliko ya wenzake wenye miwili.

Mguu ule wa bandia haukumkaa hata siku moja. Akija mteja wa heshima aliuvaa, akiondoka aliuvua na kuuegemeza ukutani, na soksi aliyokivalisha kigutu ilikuwa imelowa damu. Nilianza kuiona soksi ile tangu niko shule. Mama ndiye aliyekuwa akinituma nimpelekee maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Posho ndiyo iliyomtibia vidonda na kumrekebishia mguu kila kigutu kilipobadilika, akaweza kukaa kwenye cherehani na kulisha nyumba. Yote hayo niliyajua, mwanangu. Shika hapo.

Nilipopata ukarani, Kaka Habibu, maana ndivyo nilivyomwita, alinishonea gauni la kuanzia kazi na akakataa ujira. Aligeuza gauni ndani nje, akanionyesha mishono ya ubavuni. Alikuwa ameacha kitambaa kingi kuliko kawaida.

"Mdogo wangu, ofisini mtu anakaa kutwa nzima," aliniambia. "Utanenepa tu. Nimekuachia nafasi, siku likikubana niletee nililegeze."

Nilicheka. Msichana wa umri ule ukimtajia unene anaona unamtania, na kweli alikuwa ananitania, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha fikiria miaka kumi mbele.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, upande wa Gerezani, jengo la ngazi tupu. Kila mwaka mara moja, kila askari mlemavu alitakiwa afike mwenyewe, aonekane, na karani ajaze hali yake kwenye fomu. Palikuwa na mstari mmoja unaouliza mhusika anatembeaje. Kwa huo mstari, wakubwa makao makuu waliamua posho ibaki, ipunguzwe au ifutwe. Jumanne hiyo asubuhi msimamizi wetu alitukusanya akatuonya kwamba wapo makarani wanaoandikiana kwa kujuana, na kwamba atakayemgundua atamfukuza. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na hofu, na ndani ya hofu ile mlikuwa na kiburi pia. Nilitaka nionekane mimi sipendelei mtu.

Basi akaingia Kaka Habibu. Amevaa kaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, viatu vyote viwili vinang'aa, hana magongo. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani kama yuko gwaride, akasimama wima, akanipigia saluti.

"Shikamoo, bosi," alisema, huku anatabasamu.

Watu kwenye foleni walicheka, nami nikacheka. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilikuwa naijua ile soksi, nilikuwa nayajua yale maji ya chumvi, lakini nilichukua kalamu nikaandika: anatembea mwenyewe bila msaada. Nikatia saini jina langu lote kwa mwandiko wa kujivunia. Hapakuwa na neno hata moja la uongo kwenye mstari ule. Ndiyo maana ilichukua muda kunielea kuwa nimefanya ubaya.

Nilipotoka kazini nilipitia dukani. Kiti chake barazani kilikuwa kitupu. Babu yako alikuwa anakunja majora ya vitambaa, na hakuniitikia salamu upesi kama ilivyokuwa desturi yake.

"Habibu amekuja kwako leo?" aliniuliza.

Nikamwambia amekuja, tena ametembea vizuri kweli, ofisi nzima imemsifu.

"Umemwona akiingia," babu yako alisema. "Kutoka, ulimwona?"

Nikasema sikumwona. Ndipo akaniambia. Magongo Habibu aliyaacha chini kwa muuza karanga, akapanda zile ngazi kwa kushika ukuta, kwa sababu hakutaka mdogo wake aonwe na wakubwa akihudumia mtu anayejikokota. Alitaka anipe heshima siku zangu za mwanzo. Aliposhuka alifika ngazi ya nne tu, akakaa chini, akauvua mguu na hakuweza tena kuinuka. Makuli wawili walimbeba, wakamlaza kwenye mkokoteni kati ya magunia ya vitunguu, wakamsukuma hadi nyumbani. Babu yako alikuwa mtu wa maneno machache. Alinigeuzia mgongo akaendelea kukunja vitambaa, na tangu siku ile hakuniuliza tena habari za kazi yangu. Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga.

Kesho yake nilimweleza msimamizi kuwa nimekosea. Akasema fomu zimeshaondoka. Baada ya miezi ikaja barua kwamba posho ya Koplo Habibu imefutwa, kwa kuwa amekwisha kupona. Niliandika kupinga, nikaeleza vidonda, nikaeleza ngazi, nikaambatisha cheti cha daktari. Unajua walinijibu nini? Kwamba maelezo ya kuaminika ni ya ofisa aliyemwona mhusika kwa macho yake, na jina la ofisa huyo wakaliandika. Lilikuwa langu.

Niliandika tena, na tena. Wakati barua zinakwenda na kurudi, mguu wa bandia ulizidi kumkata na hakuwa na cha kuurekebishia. Kigutu kikaoza. Kwanza akawa anakuja barazani siku mbili kwa wiki, halafu akawa haji. Cherehani yake tukaifunika kanga. Nilikwenda kumwona mara nyingi, na sijawahi kumsikia akinilaumu. Mara ya mwisho aliniangalia gauni, akasema, "Limeanza kukubana. Si nilikwambia?" Akataka nimletee mkasi. Mkewe, Mama Asha, alimtuliza, akamwambia atalilegeza akipata nguvu.

Mwaka wa nne barua ya kukubali ilifika. Niliomba niipeleke mwenyewe. Nilimkuta Mama Asha kwake Gerezani, anachambua mchele, nikaketi naye mkekani nikamsomea. Ilisema posho imerejeshwa, ila kabla ya kulipwa, mhusika afike ofisini yeye mwenyewe athibitishe hali yake. Mama Asha alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikuacha kuchambua. Koplo Habibu tulikuwa tumemzika miezi mitano kabla.

"Waambie hawezi kupanda ngazi," alisema.

Nilikunja barua, nikaaga, nikatembea hadi Kariakoo huku nalia njiani, watu wananipisha.

Juzi ulinieleza kuwa siku hizi kila kitu kimo kwenye mfumo, kwamba karani anabofya tu na mashine inaamua. Nimekusikia. Lakini atakayebofya ni wewe, na atakayekuja mbele yako ni mtu aliyefundishwa jeshini kusimama wima hata akiwa anakufa. Vijana wetu bado wanapelekwa nchi za watu kulinda amani, na wengine wanarudi pungufu. Watapiga pasi nguo zao siku ya kuja kwako. Usiitumie heshima yao kuwanyang'anya haki yao. Muulize mtu amefikaje, na akiondoka inuka kwenye kiti umsindikize mpaka ngazini, umwone anavyoshuka, ndipo uandike. Ukijua jambo la kweli ambalo macho ya ofisi hayalioni, liandike hilo pia, hata kama bosi amesimama nyuma yako. Ukifukuzwa, rudi nyumbani, ugali upo.

Gauni lile la bluu nimelitoa sandukuni, limekunjwa juu ya kitanda chako. Ligeuze ndani nje. Kitambaa alichoniachia bado kipo ubavuni vilevile, hakuna aliyewahi kukilegeza. Yeye aliniachia nafasi kabla sijaihitaji, na mimi sikumwachia nafasi hata kwenye mstari mmoja. Umenizidi mwili kidogo. Mpelekee fundi alilegeze, ulivae Jumatatu.

Mungu akuongoze mkono unapoandika, mwanangu. Akupe usikivu kwa wasiolalamika, na akuepushe na uzee wa kukumbuka saini yako mwenyewe kwa uchungu kama ninavyoikumbuka mimi. Nenda na radhi zangu zote.